Kuacha Kazi kabla ya Jibu

Siku ya Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, saa mbili za asubuhi, niliweka barua mezani pa Mganga Mfawidhi wa hospitali niliyokuwa nikiitumikia katika mkoa wetu wa Simiyu, nikatoka. Barua yenyewe ilikuwa na mistari mitano. Ilisema kwamba naacha kazi kwa hiari yangu, kwamba natoa taarifa ya siku 28 kama itakavyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na kwamba nashukuru. Neno la mwisho halikuwa kweli yote. Wakati huo ombi langu la kuhamia Kanada, kwa njia ya wafanyakazi wenye ujuzi, lilikuwa limekwisha pokewa wala halijajibiwa. Tangu siku ile nimeulizwa na wengi, na baadhi yao ni watu waliosoma kuliko mimi, kwa nini sikungoja jibu kwanza. Barabarani nilikuwa nikiwapa jibu fupi la kujitetea. Hapa nataka kutoa lile refu.

Mimi ni mtu wa maabara. Nilisomea kazi hiyo Bugando, Mwanza, kwa fedha za mkopo wa Serikali, na tangu mwanzo wa 2017 nilikuwa nikikaa mbele ya hadubini. Wagonjwa wa vijijini hawatofautishi. Kwao kila avaaye koti jeupe ni daktari, nasi hatuna haraka ya kuwasahihisha. Lakini mtu wa maabara si daktari. Kazi yake ni kuhesabu. Akipewa tone la damu ya mtoto mwenye homa, hulitandaza juu ya kioo, hulipaka rangi, kisha huhesabu vimelea vya malaria akivilinganisha na chembe nyeupe 200. Akipewa mkojo wa mvulana achungaye ng'ombe kando ya lambo, huuchuja na kuhesabu mayai ya kichocho. Huku Bariadi, Itilima na Maswa, ambako maji ni ya malambo na ya mito ikaukayo, kichocho tulichokizoea ni kile kitoacho damu katika mkojo. Ukiteremka hata Busega, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, wakutana zaidi na kile cha tumbo. Tena wako watoto wenye selimundu, ambao katika nchi za Ziwa si wachache. Damu ya mtoto wa namna hiyo ikipungua usiku wa manane, ni lazima mtu aondoke kitandani, apime kundi, alinganishe damu ya mchangiaji na ya mtoto, atie sahihi, na sahihi yake ni dhamana. Kwa muda wa miaka saba mtu huyo aghalabu alikuwa mimi. Tulikuwa wawili mahali palipohitaji watano.

Sikutaka kuondoka kwa sababu ya njaa. Mshahara wangu ulikuwa mdogo, na asilimia 15 yake ilikwenda Bodi ya Mikopo kabla sijaiona, lakini nilikula, nilivaa, na nilimsomesha mdogo wangu. Nilitaka kuondoka kwa tamaa ambayo sioni haya kuitaja: nilitaka kufanya kazi mahali ambapo mashine ikiharibika leo, kesho huja mtu kuitengeneza. Mwenzangu mmoja wa darasani alikuwa ametangulia, akaniandikia juu ya maabara yake kama mtu aandikavyo juu ya mchumba. Basi nami nikaanza kukusanya karatasi.

Nchi ile huchagua wageni wa aina yangu kwa alama. Desturi hiyo ilianza mwaka 1967. Kabla ya mageuzi ya 1962, asili ya mtu na rangi yake ndivyo vilivyofungua mlango au kuufunga. Tangu Januari 2015 maombi hupitia katika mtandao, na waombaji hupangwa na kushindanishwa wao kwa wao. Lakini kabla ya kushindana, mwombaji wa njia yangu yampasa kwanza apate alama 67 katika 100. Lugha hupewa alama 28, elimu 25, kazi 15, umri 12, na 20 zilizobaki ni za ajira iliyokwisha andaliwa na za mambo yatakayomwezesha mgeni kuizoea nchi. Lugha zihesabiwazo ni Kiingereza na Kifaransa. Kisukuma, ambacho kwacho nilimtuliza bibi kizee ili nimchome sindano, hakina alama. Na Kiswahili, ambacho naandikia sasa, hakina alama hata moja. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Mwenye nyumba ana haki ya kumwuliza mgeni anajua nini katika mambo ya nyumba ile. Ila nilipokuwa nikijaza fomu niliona jinsi mtu anavyoweza kuwa mzima mbele ya watu wake na nusu mbele ya wengine, bila yeye mwenyewe kupungua kitu.

Katika karatasi zote zilizotakiwa, moja ndiyo iliyonitoa jasho. Si cheti cha chuo, wala mtihani wa Kiingereza, wala hati ya tabia njema kutoka polisi. Ni barua ya mwajiri. Nayo si cheti cha utumishi kile ambacho sheria yetu humpa kila anayemaliza kazi. Yatakiwa barua yenye anwani ya ofisi na sahihi ya mkubwa, ikitaja cheo, tarehe ya kuanza, saa za kazi kwa juma, mshahara, na shughuli moja moja anazozifanya mtumishi. Msomaji atauona mtego ulio ndani yake. Mtu hawezi kuthibitisha kazi yake bila kumwambia mwajiri kwamba anataka kuiacha. Katika mji mkubwa pengine jambo hilo hupita kimya. Kwetu halipiti. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na ijapokuwa sensa ya 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni mbili, watumishi wa afya twajuana kama watoto wa kaya moja. Asubuhi niliomba barua. Jioni muuza chai wa Somanda aliniuliza kama kweli Kanada kuna baridi ya kuvunja masikio.

Barua niliipata baada ya majuma matano, na niliilipia. Jina langu liliondolewa katika orodha ya waliokuwa waende mafunzoni, kwa hoja kwamba haifai kumnoa kisu mtu atakayekwenda nacho. Zamu zangu za usiku ziliongezeka. Katika mikutano nikaitwa Msafiri, kwanza kwa mzaha, halafu mzaha ukatoka, likabaki jina. Nataka kuwa mwadilifu kwa mkubwa wangu. Alikuwa na maabara ya watu wawili, na mmoja wao alikuwa amemwonyesha mgongo. Ningalikuwa yeye, labda ningalinuna vile vile.

Februari 2024 nilipata mwaliko wa kuwasilisha ombi kamili. Aliyealikwa hupewa siku 60. Aprili niliwasilisha, kisha nikasafiri hata Dar es Salaam, nikatoa alama za vidole, nikapimwa afya na daktari aliyeteuliwa na watu wa Kanada, nikarudi kwa basi usiku na mchana. Serikali ile hujiwekea lengo la miezi sita kwa maombi mengi ya namna hiyo. Mimi nilihesabu miezi sita kama ahadi. Hapo ndipo kosa langu lilipoota, maana aliyezoea kuhesabu huamini tarakimu hata pale ambapo si tarakimu bali ni tumaini tu.

Mwisho wa Mei, katika kikao cha asubuhi, mkubwa wangu alisema mbele ya wote kwamba mwili wa Msafiri upo hapa ila roho imekwisha panda ndege, na kwamba Kanada ikimkataa asije akalia mlangoni pake. Wengine walicheka. Mwenzangu wa maabara hakucheka, akatazama chini, na kutazama chini kwake kuliniuma kuliko kicheko. Usiku ule niliandika mistari ile mitano. Nasema wazi: niliacha kazi kwa ajili ya kiburi. Sababu nyingine zote nilizitafuta baadaye.

Barua ilipokwisha kupokewa, nilirudi chumbani nikafanya jambo ambalo ningalilifanya kwanza. Nilisoma kanuni. Niliogopa kwamba kwa kuacha kazi nimelivunja ombi. Kumbe sivyo. Njia niliyoomba mimi huhesabu kazi iliyokwisha kufanywa: walau mwaka mmoja mfululizo, saa 30 kwa juma, kazi ya kulipwa, ndani ya miaka kumi iliyopita. Haidai kwamba mwombaji awe bado kazini siku ya hukumu. Ninachodaiwa ni ukweli. Hali ikibadilika, mwombaji yampasa awaarifu, kwa kuwa kuficha ndiko kuharibuko faili. Niliwaandikia siku hiyo hiyo, nikasema tarehe ya mwisho wa kazi yangu ni 30 Juni.

Si kila nchi iko hivyo, na atakayesoma maneno haya akiwa na ombi mahali pengine asiyachukue kama yalivyo. Nina rafiki, muuguzi, aliyekwenda Uingereza kwa hati ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Kule hati imefungwa katika shina la mwajiri. Mwajiri anayekungojea akiondoa cheti cha udhamini kabla ya uamuzi, ombi huanguka. Na aliyekwisha ingia akiacha kazi kwa mdhamini wake, kwa kawaida hukatiwa muda na kubakiwa na siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka. Rafiki yangu huyo hukaa katika kazi asiyoipenda kama ng'ombe aliyefungwa kamba ndefu. Majani anayaona, lakini kamba anaijua. Mimi nilikuwa sina kamba. Nikafurahi siku mbili tatu, hata nilipofika kwenye habari ya fedha.

Mwombaji asiye na ajira iliyokwisha andaliwa Kanada lazima aonyeshe fedha za kuanzia maisha. Ziwe zake, zisiwe za mkopo, ziwepo siku ya kuomba, na ziwepo tena siku ya kupewa hati; na barua ya benki hutaja wastani wa salio la miezi sita. Nilipoomba Aprili, kiasi cha mtu mmoja kilikuwa dola za Kanada 13,757, yaani kama shilingi milioni 26. Nilikuwa na 27, akiba ya miaka saba pamoja na thamani ya kiwanja nilichouza Bariadi. Tarehe 27 Mei 2024 kiasi hicho kilipandishwa kikawa dola 14,690. Ilikuwa juma moja tu kabla ya barua yangu, nami sikujua. Niliacha mshahara katika siku zile zile ambapo akiba yangu ilikuwa imegeuka pungufu.

Wala sikuwa na pa kushika. Fao la upotevu wa ajira, lililowekwa na sheria za hifadhi ya jamii za mwaka 2018, si la mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Deni la Bodi ya Mikopo nalo halifi kwa kukosa mshahara. Nilikuwa na fedha nyingi kuliko wakati wo wote wa maisha yangu, na sikuweza kuigusa hata shilingi bila kujiumiza.

Nilimwendea baba kijijini, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka mjini. Baba ni mkulima wa pamba, mtu wa maneno machache, na nilimkuta akikagua jembe la ng'ombe ijapokuwa msimu wa kulima ulikuwa mbali. Nilimweleza yote, na kanuni zote, kama aelezaye mbele ya baraza. Alinisikiliza hata mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, umefungua ngitili mwezi wa Machi."

Kwa wasomaji wa pwani, ngitili ni sehemu ya malisho ambayo Msukuma huifunga wakati wa mvua. Ng'ombe hawaingii, hata wakilia. Majani yaachwa yasimame, yakauke yakiwa yamesimama, ili kiangazi kikali kitakapofika, malisho mengine yamekwisha, pawe na pa kuingilia. Nchi hii ya Shinyanga na Simiyu iliwahi kufyekwa karibu ikawa jangwa, na tangu 1986 Serikali ilianza kuwahimiza wakulima kuzirudisha ngitili zao. Zimerudi nyingi, na miti imerudi pamoja nazo. Basi afunguaye ngitili mwezi wa Machi, majani yakiwa tele kila mahali, si mwizi, maana malisho ni yake mwenyewe. Ila Septemba ana habari yake. Sikuwa na la kumjibu.

Nilihamia kwake. Julai tulichuma pamba, nikaona mikono yangu imesahau. Miba ya vitumba ilinichora vidole vilivyozoea vioo laini. Tulipeleka mzigo kwenye chama cha msingi, tukangoja mizani, tukangoja malipo. Kungoja kwa mkulima hakuoni haya, kwa kuwa wote hungoja pamoja. Kungoja kwangu kulikuwa kwa peke yangu na kila mtu alikutazama. Vijana waliniita Mkanada. Wazee walinisalimu kwa upole uliozidi, kama asalimiwavyo mfiwa. Kila jioni nilipanda kilima kidogo nyuma ya nyumba ambako simu hushika vizuri, nikafungua akaunti yangu, nikasoma maneno yale yale: ombi lako linashughulikiwa.

Agosti hiyo lilitokea jambo ambalo sikulitia katika jibu langu la barabarani. Nilikutana kisimani na mama mmoja ambaye mtoto wake ana selimundu. Nilikuwa nimempimia damu mara nyingi. Alinishika mkono, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akasema bila hasira yo yote, "Daktari, usiku ule tulikuulizia." Nikauliza usiku gani. Akanieleza. Mtoto alizidiwa, wakamfikisha hospitalini, yule mwenzangu aliyebaki alikuwa amekwenda kuzika kwao, hapakuwa na mtu wa kulinganisha damu. Wakapakiwa garini kwenda mji mwingine, na mtoto akapata damu alfajiri. Yu hai, alikuwa nyuma ya mama yake akichezea ndoo. Mama alidhani nilikuwa likizo. Akanitakia safari njema ya kurudi kazini.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ili mataifa tajiri yasitume watu kwenda kuwavuta watumishi huko kwa nguvu ya fedha. Tanzania imo. Orodha hiyo haimzuii mtu binafsi kuomba kwa hiari yake, na mimi sikuvutwa na wakala. Nilijiandikisha mwenyewe kwa vidole vyangu. Kwa hiyo sikuvunja neno la orodha ile. Na fomu zote nilizojaza ziliniuliza nimefanya nini, wapi, kwa saa ngapi, kwa mshahara gani. Hakuna hata moja iliyouliza ni nani atakayekaa mahali pangu. Siilaumu Kanada kwa hilo. Nani alipaswa kuuliza? Mwajiri wangu, ambaye kwa miaka saba hakumwajiri wa tatu? Mimi? Nilipokuwa nikiweka barua mezani niliwaza juu ya uso wa mkubwa wangu utakavyokuwa. Sikumwaza mtu mwingine ye yote. Kama ningaliondoka siku ya kusafiri, kiti kingalibaki wazi vile vile, hilo nalijua. Lakini pale nilikiacha wazi nikiwa ningali nusu saa tu kutoka hapo, nikichuma pamba.

Novemba ujumbe ulikuja. Haukuwa jibu. Walitaka barua mpya ya benki. Salio langu lilikuwa limefika milioni 24. Ada ya mdogo wangu, chakula, na nauli zilikuwa zimekula polepole, jani baada ya jani. Kilichotakiwa kilikaribia milioni 28. Kanuni zaruhusu zawadi ya mzazi, iwapo kuna barua isemayo kwamba ni zawadi wala si mkopo. Sikumwomba baba. Nilimwambia tu kwamba nafikiri kuliacha ombi. Juma lililofuata alikwenda mnadani na maksai wanne kati ya sita waliofundishwa jembe, tukabaki na wawili.

Asiyelima kwa ng'ombe huenda asione uzito wake. Novemba ndipo mvua za kwanza zinapolainisha udongo, na pamba, ili iwahi, yataka shamba lililolimwa kwa wakati. Kuuza maksai mwezi huo ni kuuza mikono siku ya kazi. Nilimlaumu, naye akaniuliza kama nimekwisha andika ile karatasi. Niliiandika kwa Kiingereza, nikamtafsiria neno kwa neno. Alipofika mahali pa kusema kwamba hatadai fedha hizo, akasimama. "Watu wa huko," aliuliza, "baba humdai mwanawe?" Nikasema sijui, pengine wengine. Akatikisa kichwa kwa huruma, akatia sahihi yake ya polepole niliyoifahamu tangu karatasi za shule. Alisema kweli yake, hanidai. Anayenidai ni mimi mwenyewe.

Tulilima kwa wale wawili na kwa ng'ombe wa jirani tuliowangojea zamu. Tulipanda tukiwa tumechelewa, na mavuno ya 2025 yalikuwa haba, sitayaeleza.

Kabla ya hapo, Januari, nilikuwa nimekubali kazi katika zahanati moja ndogo upande wa Itilima. Mshahara haukufika hata nusu ya ule wa kwanza. Hadubini ni ya kioo cha jua, maana umeme hukatika, na asubuhi naielekeza dirishani kama mkulima atazamaye mawingu. Niliwaandikia tena watu wa Kanada kuwaarifu kwamba nimepata kazi. Sijui kama kuna aliyeisoma barua ile. Mimi niliiandika kwa furaha iliyonishangaza. Aprili vipimo vyangu vya afya, ambavyo hudumu miezi 12, vilikwisha muda. Nikaagizwa kwenda Dar es Salaam kupimwa tena. Agosti, mwezi wa kumi na sita tangu niwasilishe, jibu likaja. Nimekubaliwa. Nilimpigia baba simu, akasema, "Haya," akanyamaza, halafu akauliza kama huko wanakula michembe. Nikamwambia nitabeba.

Naandika haya Septemba 2025. Hati inanitaka niwe nimeingia nchini kwao kabla vipimo vile havijatimiza mwaka. Tena lipo jambo ambalo sikulijua nilipoanza: kukubaliwa kuishi Kanada hakunipi ruhusa ya kukaa mbele ya hadubini ya huko, kwa hiyo kuna mitihani mingine ya taaluma, na huenda nikaanza kwa kuosha vioo.

Kwa sasa barua ninayopaswa kuandika ni ya pili ya kuacha kazi. Mistari yake naijua. Hapa zahanatini mtu wa maabara ni mmoja. Nimemwambia mkuu wa zahanati kwa mdomo, miezi mingi kabla, na yeye hakunipa jina la mzaha. Alikwenda wilayani mara mbili kuomba mtu, akarudi mara mbili na ahadi. Nimemfundisha muuguzi mmoja kutandaza damu na kutambua vimelea. Ana jicho zuri, ila hesabu bado zamchanganya, naye ana wodi yake. Jana niliketi na karatasi, nikaandika tarehe na anwani. Kisha mlango ukagongwa, akaingia mvulana mwenye kichupa cha mkojo mwekundu mkononi, nyuma yake ng'ombe wamemngojea barabarani. Nikaiweka kalamu chini nikanawa mikono. Mayai yalikuwa 63.